Njia ya Maji Ndani ya Gari la Zamani

Tarehe 15 Juni 1957, wakazi wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma walilishusha gari jipya kabisa ndani ya shimo la saruji, mbele ya jengo la mahakama ya mji wao. Lilikuwa Plymouth Belvedere, la rangi ya dhahabu na nyeupe. Jimbo lilikuwa linatimiza miaka 50, na gari lilizikwa ili lije kufukuliwa jimbo litakapotimiza miaka 100. Wakaweka na petroli pembeni, kwa kuhofia kwamba kufikia wakati huo watu wangekuwa wameshaacha kuitumia. Juni 2007 shimo likafunguliwa mbele ya umati wa watu. Maji yalikuwa yameshaingia zamani. Kilichonyanyuliwa kilikuwa umbo la gari lililovaa tope, rangi imefunikwa na kutu toka boneti hadi buti.

Gari hilo halikuwahi kugongwa. Halikupita ufukweni wala kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji. Lilikaa tu na maji. Baadaye kampuni moja ya New Jersey ilijitolea kuliondolea kutu kwa dawa, na nikeli na kromu zikaanza kung'aa tena hapa na pale, lakini chuma cha chini kilikuwa kimekonda kiasi kwamba sehemu nyingi zilishikiliwa na kutu yenyewe. Ukiiondoa kutu, unaondoa gari.

Kisa cha Tulsa kimepita kiasi, lakini kinaonyesha wazi jambo ambalo wafufuaji wengi wa magari ya zamani hulisahau. Mtu hununua Peugeot ya mwaka 1972 au Land Rover ya babu yake, anaona tundu kwenye madigadi, na swali lake la kwanza ni: tundu hili tutalizibaje? Fundi anayeijua kazi yake huuliza swali jingine. Maji yalipita wapi mpaka yakafika hapa, na kabla ya kutoboa hapa yalikuwa yamelala wapi? Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya ukarabati wa miezi sita na ukarabati wa miaka 30.

Kutu ni chuma kinachorudi katika hali yake ya udongo. Inahitaji oksijeni na maji, na kasi yake hupanda sana penye chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaoendesha ulaji wenyewe. Chumvi ina ubaya wa pili: hunyonya unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana gari la Mombasa, Tanga au Unguja linaweza kuoza ndani ya banda lenye paa zuri, bila tone la mvua kuligusa. Ubaya wa tatu ni wa kutu yenyewe: huchukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilichoizaa. Inapozaliwa kati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja huyasukuma na kuyatanua, kiungo hufunguka, na maji mengi zaidi huingia. Lile lengelenge dogo kwenye rangi, ambalo mwenye gari hulipapasa kwa kidole na kusema ni dogo tu, mara nyingi ni mwisho wa safari iliyoanzia upande wa ndani. Linapoonekana nje, ndani kazi imeshakwisha.

Kila gari lina ramani yake ya maji. Volkswagen Beetle ni mfano mzuri, kwa kuwa ilitengenezwa kwa zaidi ya magari milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na muundo wake wa msingi haukubadilika sana. Bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma. Betri imekaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi ikimwagika kidogo kidogo kwa miaka, bati lililo chini ya betri huliwa mpaka siku moja betri inaning'inia. Chini ya milango kuna mifereji mipana inayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa abiria, na mifereji hiyo hiyo ndiyo vizingiti vinavyolipa gari uimara wake. Huoza kutokea ndani. Mtu anaweza kuipaka rangi Beetle mara tatu bila kujua kwamba uti wa mgongo wake umebaki kama ganda la yai.

Land Rover ina ramani nyingine kabisa. Ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na chasisi kwa chuma. Wenye nazo hujivuna kwamba haishiki kutu, na wanasema nusu ya ukweli. Chasisi ni boksi la chuma lililo wazi ndani, na tope la mto likiingia humo hukaa na kukauka, linaloa tena mvua ikinyesha, mwaka hadi mwaka. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria nao huoza pale miguuni. Kibaya zaidi ni pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu. Hapo metali mbili hugeuka kuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, ikisagika kuwa unga mweupe kuzunguka bolti. Mafundi wengi hukiona kiungo hicho wanapofungua mlango wa nyuma na kupangusa ule unga wakidhani ni vumbi.

Kundi la tatu lina magari yasiyo na chasisi ya peke yake, kama Peugeot 504, ambayo ilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1968 na kuendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Hapa bodi ndiyo chasisi. Kizingiti chini ya mlango, sakafu, nguzo za milango na sehemu zinazoshika shokabsoba hubeba uzito wote wa gari. Tundu la sahani kwenye madigadi ya mbele, ile inayofungwa kwa bolti, ni aibu ya macho tu. Tundu la sarafu mahali spring inapokaa ni hatari kwa maisha ya watu. Nchini Uingereza ukaguzi wa magari huweka mpaka ulio wazi: kutu iliyokithiri ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda wa usalama au mfumo wa spring unapofungwa hulifelisha gari, na kiraka cha hapo lazima kichomelewe kwa chuma, mshono usiokatika. Pati ya kujazia haikubaliki hapo. Kipimo hicho cha sentimita 30 kinafaa kubandikwa ukutani katika kila gereji.

Ukaguzi unaofaa huanza na vifaa vya bei rahisi mno: sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, bisibisi butu na tochi. Sumaku hupitishwa polepole juu ya bodi. Pale inapong'ang'ania kuna bati, na pale inapoteleza kuna pati nene. Kisha fundi hulala chini na kugonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu na kali. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, kama mtu anayegonga mkate. Anapousikia mlio huo huigeuza bisibisi na kusukuma ncha. Mara nyingine inazama mpaka kwenye mpini, na maganda ya rangi ya kahawia yenye ukubwa wa kucha humwagika usoni mwake. Mwenye gari hushtuka akidhani gari lake limeharibiwa. Kwa kweli lilikuwa limeharibika tangu zamani, na sasa ndipo lilipoanza kutengenezwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha mafundi. Kabla ya kukata kizingiti cha gari lisilo na chasisi, bodi inatakiwa kufungwa kwa mabomba ya chuma ndani ya nafasi za milango, na upana wa kila uwazi kupimwa na kuandikwa. Gari liwekwe juu ya vihimili vinavyobeba uzito mahali magurudumu yanapoubeba. Ukipuuza hayo, ukaliweka kwenye jeki moja katikati na kukata, mgongo hulegea kwa milimita chache tu. Fundi hachomelei kizingiti kipya tu, anachomelea na ule upindo. Wiki mbili baadaye, rangi ikiwa imeshakauka, mlango unagoma kufunga, na hakuna nyundo itakayourekebisha.

Kukata nako kuna imani yake. Wengi hukata kwa huruma, wakifuata ukingo wa tundu. Bati linalopakana na tundu linaonekana zima lakini limekonda, na likipata moto wa kuchomelea hutoboka tena, fundi akaanza kukimbizana na matundu mapya. Inabidi kurudi nyuma mpaka bati lenye unene wake wa asili, ambao kwa magari mengi ya zamani ni kati ya milimita 0.8 na 1. Na bati likishafunguliwa, lililo nyuma yake lishughulikiwe kwanza. Kuchomelea kizingiti kipya juu ya nguzo ya ndani iliyooza ni kufunika donda kwa kanga mpya.

Kuhusu uchomeleaji wenyewe, majarida ya Ulaya na Marekani husifu sana mashine ya MIG, ile inayojitolea waya. Waya wa milimita 0.6 unafaa kwa bati jembamba, na fundi huweka nukta nukta zilizoachana, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisijikusanye, kwa maana bati likipata joto mahali pamoja hupanuka, na likipoa hujikunja. Yote hayo ni kweli. Lakini mshono wa MIG hutoka mgumu, na ukiupiga nyundo ili ulingane na bati huweza kupasuka. Mshono wa gesi ya oksijeni na asetilini hutoka laini. Moto wake husambaa zaidi na humpotosha asiyeuzoea, ila anayeuweza huchomelea kidogo, akashika nyundo na fuawe palepale, akaulaza mshono mpaka usijulikane ulipo. Mafundi wa bodi wa zamani huko Coventry, Uingereza, walifanya hivyo. Katika gereji nyingi za Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, wapo wanaofanya hivyo hadi leo, kwa sababu mtungi wa gesi ndio waliofundishwa nao. Ni ustadi ambao katika nchi tajiri umekuwa adimu na ghali, nao hapa unadharauliwa kwa kuitwa kazi ya kuungaunga. Dharau hiyo haina msingi.

Ustadi huohuo ndio unaotumika kunyoosha bati lililobonyea. Bati lililogongwa huwa limevutwa, yaani limerefuka, na mwenye pupa akiendelea kulitwanga juu ya fuawe hulirefusha zaidi. Mwishowe linabaki na tumbo linaloingia na kutoka ukilibonyeza, kama mfuniko wa debe la mafuta ya kula. Dawa yake ni kulipunguza: fundi hupasha moto nukta yenye ukubwa wa sarafu mpaka iwe nyekundu, huigonga pembezoni kwa upole, kisha huipoza kwa kitambaa chenye maji. Bati hujivuta. Hurudia nukta moja baada ya nyingine, akipapasa kwa kiganja, kwa kuwa kiganja huona mawimbi ambayo jicho halioni kabla ya rangi kupakwa.

Pati imesingiziwa mengi. Pati za poliesta zilianza kuenea miaka ya 1950, na kabla yake viwanda vyenyewe vilijaza viungo kwa risasi iliyochanganywa na stani, ikilainishwa kwa moto na kusawazishwa kwa vipande vya mbao. Magari mengi ya kifahari ya kabla ya hapo yana kilo kadhaa za risasi mwilini tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kujaza si dhambi. Tatizo ni mahali na kiasi. Pati iliyopakwa nyembamba, milimita mbili au tatu, juu ya bati zima lililokwisha kunyooshwa, itadumu. Pati iliyorundikwa juu ya tundu lililozibwa kwa wavu au gazeti itanyonya unyevu kutoka nyuma kama sifongo na kuubana juu ya chuma. Na hapa lawama isimwangukie fundi peke yake. Mteja huja Jumatatu na kusema, "Fundi, Jumamosi nina harusi, nataka liwake." Siku tano zinatosha kwa pati na rangi. Hazitoshi kwa chuma. Fundi ana kodi ya kulipa na watoto wa kusomesha, na anayeombwa uongo kwa bei ya uongo huutengeneza.

Kuna jambo zito zaidi lisilozungumzwa vya kutosha. Risasi ya zamani ikisagwa kwa mashine hugeuka vumbi la sumu. Kupiga bodi mchanga huzalisha vumbi linaloharibu mapafu pasipo kurudi nyuma. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishaji hutoa isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Mpaka rangi wa Ulaya huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kijana wa gereji ya kwetu hufunga leso puani. Anayetumia mamilioni kulifufua gari na kuona gharama ya barakoa ya kufaa ni kubwa amekosea hesabu ya thamani, na mwenye gari ana haki na wajibu wa kuuliza jambo hilo kabla ya kukabidhi funguo.

Kwa vipande vidogo kama bawaba, mabano na bolti, zipo njia za polepole zisizo na vumbi. Asidi ya fosforasi hugeuza kutu nyepesi kuwa tabaka linaloshika rangi. Molasi iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, hula kutu na kuacha chuma kizima, ingawa huchukua wiki mbili tatu na kunuka kama kiwanda cha pombe. Alumini isitiwe humo. Palipo na viwanda vya sukari, kama Kilombero, malighafi haipo mbali. Dawa za kugeuza kutu zinazouzwa kwenye makopo nazo zinafaa, mradi isisahaulike kwamba hazirudishi chuma kilichokwisha kuliwa.

Baada ya chuma kukamilika, rangi ya nje ndiyo inayopigwa picha, lakini maisha ya gari yako kwenye yale yasiyoonekana: praima ya epoksi juu ya bati tupu, praima ya zinki kati ya mabati yanayogusana kabla ya kuchomelewa, na nta inayopulizwa ndani ya vizingiti na milango baada ya kazi yote kwisha. Zinki hujitoa mhanga, ikiliwa yenyewe ili chuma kipone. Kwa sababu hiyo Porsche ilipoanza kutumia bati la zinki kwenye bodi ya 911 katikati ya miaka ya 1970, magari yake yalipata sifa mpya ya kudumu. Kisha kuna vile vitundu vidogo chini ya mlango na kizingiti, ambavyo fundi mwenye bidii hudhani ni kasoro na kuviziba kwa lami. Viwanda viliviweka ili maji yatoke. Vikizibwa, mlango hugeuka ndoo.

Linabaki swali ambalo nyundo haiwezi kulijibu: ni chuma kiasi gani cha asili kinachopaswa kubaki? Kampuni ya British Motor Heritage ilianza mwaka 1988 kutengeneza upya bodi nzima za MGB kwa kutumia mitambo ya asili, na baadaye za Mini. Mtu mwenye MGB iliyooza anaweza kununua bodi mpya, akahamishia injini, viti na namba, akaondoka na gari imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Kwa gari lililotengenezwa kwa malaki na linalotumika kila wiki, hilo ni jibu la busara. Kwa gari lenye historia yake peke yake, bodi mpya inafuta kile kilicholifanya litafutwe.

Mfano ulio kinyume kabisa ni Bugatti Brescia ya mwaka 1925 iliyozama katika Ziwa Maggiore, mpakani mwa Uswisi na Italia. Iliopolewa Julai 2009 baada ya zaidi ya miaka 70, upande mmoja umeliwa na mwingine umesalimika kwa kuwa ulizikwa kwenye tope. Mnada wa Bonhams jijini Paris mwaka 2010 uliiuza kwa zaidi ya euro 260,000, na mnunuzi akaamua isitengenezwe kabisa. Ikaonyeshwa California na kutu yake yote. Jumba la makumbusho la magari ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky, lilichagua njia ya kati. Ardhi ilipotitia ndani ya jengo Februari 2014 na kumeza magari manane, matatu yalitengenezwa na matano yakaachwa yalivyopondeka. Katika yale matatu lilikuwamo Corvette la milioni moja, la mwaka 1992, ambalo wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamelitia saini kwenye vipande vyake, na mafundi wa General Motors walihangaika kuokoa kila kipande chenye saini badala ya kuweka kipya.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, liliandika msimamo wake katika Hati ya Turin, iliyopitishwa mwaka 2012: kuhifadhi kwanza, kutengeneza pale tu inapobidi, na kila kilichobadilishwa kiwekewe alama na kumbukumbu ili wa baadaye ajue kipi cha kiwanda na kipi cha fundi. Wamiliki wa Afrika Mashariki, ambao tangu 1970 wamekuwa na mashindano yao ya magari maridadi Nairobi, wana kila sababu ya kuichukua hati hiyo kama yao, na kuongeza kipengele kimoja. Gari lililowahi kukimbia Safari Rally, au Land Rover iliyobeba chanjo vijijini kwa miaka 20, lina viraka vilivyotiwa njiani na mafundi wa hapa. Kiraka kilichochomelewa usiku huko Taita ili gari lifike mwisho ni sehemu ya historia yake sawa na nembo ya kiwanda. Kikiwa imara, kibaki.

Kuweka kumbukumbu kunagharimu simu ya mkononi tu. Kila bati linapokatwa lipigwe picha, kipande kilichotolewa kiandikwe tarehe na mahali kilipotoka, na kizingiti kipigwe picha ndani, praima ikiwa bado inaonekana, kabla bati la nje halijachomelewa. Likishachomelewa hakuna atakayeona tena humo, na picha hiyo ndiyo ya kwanza itakayoulizwa na atakayelinunua gari.